Wa Tatu Hatwangi

Asubuhi za ukungu ndipo linapougua.
Ziwa likitoa pumzi yake hadi huku Kitangiri,
bati likatota, kanga kwenye kamba zikawa nzito,
naiwasha Korola, inaitika shingo upande,
inatetema kama kuku aliyenyeshewa,
taa ya injini inanikodolea jicho la njano.
Saa nne jua likipanda juu ya mawe, imepona.
Mgonjwa wa saa za kazi, niliiita.

Fundi Mahona aliisikiliza mguu mmoja nje ya geti.
"Injini imekufa, mama. Laki nane, au uza."
Laki nane ni matenga mangapi ya dagaa?
Nikahesabu. Nikafunga geti.

Jumapili nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu
(jiwe halinunuliwi Mwanza, ndio utajiri wetu),
nikafungua boneti, nikatega sikio.

Nimekulia Magu, mapigo ya kinu nayajua.
Wanawake wanne, michi minne, kinu kimoja,
kila mmoja na zamu yake,
hakuna anayegonga mchi wa mwenziwe.
Humu ndani nikasikia
twa, twa, twa,

twa, twa, twa,

kuna aliyeinua mchi akasahau kuushusha.

Kandambili miguuni, kitambaa kikavu mkononi,
nikachomoa waya wa kwanza: injini ikayumba, ikalalama.
Nikaurudisha. Wa pili: ikayumba.
Wa nne niliushika vibaya, umeme ukanitandika hadi kiwiko,
nikatukana kwa Kisukuma, Ng'washi akacheka, tochi ikacheka naye.
Wa tatu:
hakuna.
Mtetemo uleule,
kana kwamba aliyeondolewa hakuwahi kuwepo.

Mkono ukasita.
Mimi pia ni wa tatu, kwa mama yetu.
Krismasi nisipokwenda Magu
wali huiva, picha hupigwa.
Ng'washi akasema, mama, tochi inaisha chaji.

Nikafungua plagi. Nyeusi, imelowa, inanuka petroli mbichi:
chakula kiliandaliwa, moto haukuja.
Nikaisugua kwa msasa na mswaki wa zamani,
pengo lake nikalipima kwa laini ya simu iliyofungiwa,
nikaihamishia silinda ya pili, ya pili nikaileta ya tatu.
Ya tatu kimya vilevile.
Basi plagi haina kesi.

Giza likaingia, na umeme ukakatika,
mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, mlima hadi mlima.
Ng'washi akazima tochi tuibanie chaji.
Na hapo, katika giza ambalo hatukulilipia, nikaiona:
cheche ya buluu, nyembamba kama uzi wa buibui,
ikichupa kutoka ubavuni mwa waya wa tatu
kwenda kwenye chuma,
tik, tik, tik.

Hakuwa mvivu.
Siku zote hizo alikuwa akitwanga,
akitwanga nje ya kinu.

Ufa wenyewe mdogo kuliko ukucha wa mtoto.
Unyevu wa ziwa ndio uliokuwa ukiuonyesha umeme njia ya mkato.
Nikazima, nikakata tyubu ya baiskeli,
nikaufunga waya mizunguko minne, nikakaza kwa meno,
wa kutuvusha tu hadi nipate wa mtumba, Mlango Mmoja.
Nikawasha.

Moja, tatu, nne, mbili,
moja, tatu, nne, mbili.
Mama Kashinje akapiga kelele dirishani:
"Na wewe! Watu tumelala!"
Hajalala. Hakuna aliyekuwa amelala.
Nikakanyaga mafuta kidogo zaidi, makusudi.

Saa kumi alfajiri, ukungu umekaa,
nateremka Kirumba, Mwaloni, matenga matupu nyuma.
Mkono bado unanuka mpira.
Kuna mlio mwingine sasa, upande wa kushoto chini,
kama funguo mfukoni mwa mtu anayekimbia.
Sijui ni nini.
Nimepandisha kioo.